Muscadet sio Moscato: jibu kwa dada wa Lille anayetafuta waini nyeupe ya bei poa

Dada mmoja mwenyeji wa Arusha anayeishi Lille kaniandikia, nafupisha: amechoka kununua Chablis na Sancerre kila akiwa na wageni maana siku hizi chupa ya maana inaanzia yuro 15 na kuendelea, anataka waini nyeupe ya Kifaransa ambayo sio kila mtu anaijua, kavu, isizidi yuro 10, na anapika sana samaki na vitu vya baharini. Alafu mwishoni akaongeza kisa. Muuzaji wa dukani alishampa chupa imeandikwa Muscadet, yeye akadhani ni ndugu ya zile Moscato tamu zinazonywewa kwenye birthday, kufika nyumbani kafungua ikawa kali, haina sukari hata chembe, ina vipovu vinavyochomachoma ulimi na chini ya chupa kuna vitu vinang'aa kama chumvi. Akaimwaga yote kwenye sinki. Anauliza je aliuziwa waini mbovu, na kama ndio anunue nini?

Dada yangu pole, yani umemwaga jibu la swali lako mwenyewe. Hiyo Muscadet ndo ningekutajia, na kwa maelezo yako haikuwa mbovu kabisa. Ngoja nianze na hapo kwanza.

Kuhusu utamu, Moscato na Muscat zinatoka kwenye familia moja ya zabibu zenye harufu kali ya maua na mara nyingi mtengenezaji anaacha sukari ndani. Muscadet haina undugu nazo. Zabibu yake inaitwa Melon de Bourgogne, na waini yake inaachwa ichachuke mpaka sukari inaisha, kwa hiyo ukitegemea utamu lazima ushtuke. Vile vipovu ni kaboni dayoksaidi iliyobaki tangu waini inachachuka na huko kwao wanaiacha makusudi, inafanya waini ichangamke mdomoni na inailinda isizeeke haraka. Kama inakukera zungusha glasi kidogo au iache dakika tano, inatoka yenyewe. Na zile chumvi ni asidi ya zabibu imeshikana na potasiamu ikaganda kwa sababu ya baridi ya friji, haina madhara yoyote, ndo kitu kilekile wanachokisafisha na kukisaga wakauza kama poda nyeupe ya wapishi wa keki, ile ya kufanya ute wa yai usimame ukiupiga. Simamisha chupa, mimina taratibu, zitabaki chini.

Waini mbovu utaijua kwa pua. Ikinuka boksi lililolowa maji, kizibo kimeiharibu, rudisha dukani na risiti wala usione aibu. Ikiwa imegeuka rangi ya chai na inanuka siki, imeingia hewa. Nje ya hapo mara nyingi ni ugeni tu.

Sasa Muscadet ni nini hasa. Chukua ramani ya Ufaransa uufuate mto Loire mpaka unapoingia bahari ya Atlantiki, utakuta mji wa Nantes, na mashamba yako kuuzunguka huo mji, mengi zaidi upande wa kusini mashariki. Sehemu kubwa na muhimu inaitwa Sèvre et Maine, hayo ni majina ya mito miwili midogo inayopita humo. Ile Sancerre yako, ya zabibu ya Sauvignon, inatoka kwenye mto huohuo wa Loire, ila huko juu mbali, mamia ya kilomita kutoka baharini. Na katikati yao, kuanzia Anjou mpaka Vouvray, ndo nyumbani kwa Chenin, zabibu ambayo wewe umeshakutana nayo bila shaka maana Afrika Kusini wanailima kuliko nchi yoyote na hata Dodoma ipo. Kwa hiyo mto mmoja, zabibu tatu tofauti, na bei tatu tofauti kabisa.

Huyo Melon mwenyewe ana historia ya kufukuzwa. Asili yake ni Burgundy, kwa matajiri, na mwaka 1999 watafiti walipochunguza DNA za mizabibu ya Ufaransa wakakuta kwamba Melon na Chardonnay (zabibu ya ile Chablis yako) ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja, wazazi wao ni Pinot na zabibu moja iliyodharauliwa sana zamani inaitwa Gouais blanc. Aligoté na Gamay nao ni watoto wa ndoa hiyohiyo. Ila Chardonnay akabaki nyumbani akawa staa, Melon wakamng'oa kwa sababu anazaa sana na harufu yake ni ya kimyakimya, akaishia kuhamia upande wa baharini.

Na huko baharini aliyempokea ni Mholanzi. Karne ya 17 wafanyabiashara wa Kiholanzi walikuwa wanazunguka pwani yote ya Atlantiki wanatafuta waini nyepesi nyeupe ya kuchemshia pombe kali, ile ambayo baadaye ikawa brandi, maana pombe kali inakaa melini muda mrefu bila kuharibika na haichukui nafasi kubwa. Wakawahimiza wakulima wa Nantes wapande zabibu nyeupe nyingi. Alafu ukaja msimu wa baridi wa 1709, baridi ambayo Ulaya nzima waliikumbuka kwa vizazi, mizabibu ikafa mashamba kwa mashamba, na walipoanza kupanda upya wakachagua Melon kwa sababu anavumilia baridi na anaiva mapema kabla mvua za Atlantiki hazijaanza kuleta fujo. Tangu hapo ndo yeye mwenye eneo. Sèvre et Maine ikapata hadhi yake ya kisheria mwaka 1936, mwaka uleule ambao Sancerre ilipata ya kwake, kwa hiyo kwa makaratasi hawajapishana hata mwaka.

Sasa kwa nini moja yuro 25 na nyingine yuro 7? Hapa ndo wengi wanakosea, wanadhani bei inasema ubora. Bei ya Muscadet inasema historia mbaya ya biashara. Miaka ya 1970 na 1980 Waingereza walikuwa wanainywa kama maji, kila mgahawa London una Muscadet, wakulima wakapanda mpaka sehemu ambazo hazikufaa, mavuno makubwa, wafanyabiashara wa kati wananunua kwa jumla wanachanganya wanauza waini nyembamba yenye uchachu tu haina kitu kingine. Ikaja baridi ya Aprili 1991 ikachoma machipukizi, mavuno yakaanguka, bei ikapanda ghafla, na hapohapo Chardonnay za Australia na Sauvignon za New Zealand zinaingia sokoni zimejaa jua na harufu ya matunda. Waingereza wakahama na wengi hawakurudi. Wakulima wakafilisika, mashamba mengi yakang'olewa. Baridi za 2016, 2017 na 2021 zikaja kukandamiza tena wale waliobaki.

Waliobaki lakini ndo wakali. Mtu ambaye amevumilia yote hayo na bado yupo shambani mara nyingi ni mtu anayejua anachofanya, ana mizabibu mizee, ana udongo mzuri, na jina la eneo lake bado halimruhusu kuuza bei ya Sancerre. Hapo katikati ya ubora kupanda na jina kubaki chini ndo wewe unapopita na yuro zako 10. Sijui itadumu mpaka lini lakini kwa sasa mimi naona hakuna waini nyeupe Ufaransa nzima inayokupa zaidi kwa hela hiyo, na nasema hivyo huku nikijua wapenzi wa waini za Languedoc, kule kusini mwa Ufaransa, watanijia juu.

Nisikudanganye pia. Ukiinusa Muscadet ya kawaida haikupigii kelele. Ukizoea Sauvignon ambayo ukifungua tu chumba kizima kinanuka majani na pasheni, utaona hii kama haina kitu. Utamu wake, kwa maana ya raha, uko mdomoni, kuna ndimu, kuna tufaa la kijani ambalo halijaiva sawasawa, alafu mwishoni inaacha kitu kama chumvichumvi ya upepo wa bahari, na nyuma yake, kama imetengenezwa vizuri, kuna unene fulani kama unga wa mkate uliokandwa na kuachwa uumuke. Huo unene ndo habari yenyewe, na unatoka kwenye maneno mawili ambayo nataka uyakariri: sur lie.

Maana yake waini imekaa juu ya mashapo yake. Hamira ikishamaliza kula sukari inakufa inashuka chini ya tangi kama tope laini jeupe jeupe. Sehemu nyingi wanaihamisha waini mapema wanaacha hilo tope. Huko Nantes hawaihamishi, inakaa hapohapo majira ya baridi yote, na inaingizwa kwenye chupa moja kwa moja kutoka juu ya yale mashapo, kwenye stoo ileile ilipotengenezwa, haisafirishwi wala haimwagwimwagwi kutoka tangi hadi tangi. Ukitoka Arusha unajua mbege ikikaa na machicha yake ladha inavyokuwa nzito, hapa wazo linafanana ila wao wanataka ile ladha bila kukunywesha tope lenyewe. Hamira iliyokufa inavunjika polepole inatoa vitu vinavyoongeza unene na ile harufu ya mkate, na pia inanyonya oksijeni ndo maana waini inabaki mbichi na ile gesi haitoki. Wenyeji wanasimulia kwamba ilianza kwa bahati, kila familia ilikuwa inaweka pembeni pipa moja la waini nzuri kwa ajili ya harusi na sherehe za nyumbani, pipa haliguswi, na likifunguliwa wanakuta ni nzuri kuliko zile zilizohamishwa.

Ukiingia stoo za huko usitegemee yale mapipa ya mbao yamepangwa kama kwenye sinema. Unaingia unakuta sakafu ya zege ina vifuniko vya duara kila hatua kadhaa, kama vya chemba, na chini ya kila kifuniko kuna tangi limechimbwa ardhini, ndani limepangwa vigae vya kioo kuta zote. Mwenye nyumba anafunua kimoja, anashusha kitu cha kuchotea, anakumiminia, waini inatoka ya baridi yenyewe bila friji kwa sababu ardhi ndo friji, bado ina ukungu kidogo na inachemka kwa gesi. Hakuna mbao kwa hiyo hakuna ile ladha ya vanila ya pipa. Kinachobaki ni zabibu, hamira na mwamba.

Mwamba nao una neno lake lakini nitapita haraka. Chini ya mashamba hayo kuna miamba ya zamani sana, iliyotokana na moto wa chini ya ardhi au kugeuzwa na joto na mgandamizo, granaiti, gneiss, gabbro, na wakulima wa huko wanajivunia hayo mawe kiasi kwamba wanayaandika kwenye chupa. Domaine de l'Ecu wana chupa inaitwa Gneiss na nyingine Granite. Mkulima mwingine, Jo Landron, ana moja inaitwa Amphibolite, jina la jiwe, nyepesi, inaingizwa chupani mapema, na ni rahisi kuipenda hata kwa mtu ambaye ndo anaanza. Kama kweli ulimi unaonja jiwe hiyo ni kesi ya wanasayansi na hawajaelewana, lakini kwamba chupa ya granaiti na chupa ya gabbro ya mkulima mmoja hazifanani, hilo utalionja mwenyewe.

Twende dukani sasa. Ukisimama mbele ya shelfu la supamaketi utakuta Muscadet nyingine yuro 4 na nyingine yuro 9 na chupa zinafanana. Kwanza tafuta Sèvre et Maine pamoja na sur lie kwenye lebo, ile iliyoandikwa Muscadet peke yake kwa kawaida ni ya kawaida kweli. Alafu soma maandishi madogo, kama yameandikwa mis en bouteille au domaine, au château, au à la propriété, maana yake imejazwa chupani kwa mkulima au kwenye ushirika wa wakulima, na hiyo ni dalili nzuri zaidi ya picha ya jumba iliyochorwa mbele, neno château Ufaransa lisikutishe, linaweza kuwa ghala tu na trekta. Angalia pia juu kwenye kofia ya chupa, wakulima wengi wanaojitegemea wanaweka alama ya mtu kabeba pipa, hao wanalima wenyewe na kutengeneza wenyewe. Mwaka, kwa hizi za bei ya chini, chukua wa karibuni, miaka miwili mitatu nyuma, usinunue ya zamani sana imesahaulika kwenye shelfu yenye taa kali.

Kwa majina, wa Chéreau-Carré wenye Château de Chasseloir ni wa zamani na utakutana nao bila kuhangaika sana. Luneau-Papin wa kijiji cha Le Landreau, Domaine de la Pépière, Bonnet-Huteau, hao ni wa kwenye duka la mtaalamu, bei inagusa 10 au inavuka kidogo kutegemea mwaka na duka. Pépière wana chupa inaitwa Clos des Briords kutoka kwenye mizabibu mizee iliyo juu ya granaiti, ukiikuta usiulize mara mbili. Na kama una subira ngoja Septemba, supamaketi za Ufaransa zinafanya yale mauzo makubwa ya waini wanayaita foire aux vins, hapo Muscadet nzuri zinashuka na unaweza kuchukua katoni.

Ila dada sikiliza na hii maana ndo siri yenyewe. Ukipata mgeni wa maana na ukaweza kupandisha bajeti kidogo, yuro 13 mpaka 18 hivi, kuna ngazi ya juu yake inaitwa crus communaux, vijiji vilivyoruhusiwa kuandika jina lake kwenye lebo. Mwaka 2011 vilianza vitatu, Clisson, Gorges na Le Pallet, na 2019 vikaongezeka Goulaine, Château-Thébaud, Monnières-Saint-Fiacre na Mouzillon-Tillières. Hizi zinakaa juu ya mashapo mwaka na nusu, miwili, nyingine hata mitatu na zaidi, na hapa kuna kichekesho cha sheria za Kifaransa, kwa kuwa zimekaa muda mrefu kuliko ule uliowekwa kwa sur lie basi haziruhusiwi kuandika sur lie. Yani iliyokaa sana ndo haiandikwi. Kwa hiyo ukiona lebo inasema Clisson au Gorges na haina yale maneno mawili usiirudishe.

Clisson iko juu ya granaiti, ni nene na ya mviringo mdomoni, tunda lake limeiva zaidi, na kama wageni wako wamezoea Chablis hii itawanyamazisha. Gorges iko juu ya gabbro, inabana, ina moshi kidogo, ikiwa changa ni ngumu kama mtu aliyenuna, ipe miaka. Mkulima Michel Brégeon alikuwa mmoja wa watu walioonyesha mapema kwamba Melon kutoka kwenye gabbro ya Gorges inaweza kukaa juu ya mashapo miaka mingi na ikatoka imesimama. Watu wanaposema Muscadet haizeeki wanasema zile za yuro 4. Cru nzuri inafika miaka kumi ikiwa na ladha ya asali, njugu na maganda ya limau yaliyokaushwa na bado kavu kabisa. Sasa nenda katafute Chablis ya miaka kumi ujue inauzwaje.

Kuhusu chakula, umesema unapika sana samaki kwa hiyo umerahisisha kazi yangu. Ile ya kawaida sur lie iweke na kitu chochote ambacho ungekikamulia ndimu. Dagaa wa kukaanga wakavu, kamba wa kitunguu saumu, pweza, ngisi, samaki mzima wa kukaanga na kachumbari, hata chipsi na samaki. Chaza mbichi ndo ndoa yake ya asili maana pwani ya karibu na Nantes wanafuga chaza na hawanywi kitu kingine. Sangara pia, huko Ulaya utamkuta amekatwa minofu anaitwa perche du Nil na mara nyingi ametoka Ziwa Victoria kwetu, mkaange na limau fungua chupa umalize mjadala. Pilipili haina shida kwa sababu pombe yake ni ndogo, karibu asilimia 12, waini zenye pombe nyingi ndo zinawasha moto juu ya moto.

Samaki wa kupaka au chochote chenye tui zito hapo waini ya yuro 7 itazama, tui linaifunika inabaki maji yenye ndimu. Hapo toa Clisson. Nyama choma achana nayo, kunywa kitu kingine, usiilazimishe Muscadet ifanye kazi sio yake.

Na wewe uko Lille bana! Mji ambao wikiendi ya kwanza ya Septemba kwenye ile Braderie, soko kubwa la mitumba la mtaani, watu wanakula kome na chipsi mpaka maganda yanarundikwa vilima nje ya migahawa. Nunua kilo mbili za kome, zioshe, zilizopasuka na zile zilizo wazi ambazo ukizigonga hazijifungi tupa. Kaanga vitunguu vidogo kwenye siagi bila kuviunguza, mimina glasi moja na nusu ya Muscadet, ikichemka tia kome funika na mfuniko moto mkali dakika nne tano, tikisa sufuria mara moja katikati, zikishafunguka zima. Usitie chumvi kabla ya kuonja, kome wana yao. Ambazo hazikufunguka tupa. Iliyobaki kwenye chupa mnainywa nayo, na mchuzi wa chini chovya mkate.

Joto la kuinywea, ile ya kawaida itoe friji dakika kumi kabla, iwe kama nyuzi 8 mpaka 10. Cru itoe mapema zaidi, nyuzi 11 au 12, ikiwa baridi sana inafunga na utakuwa umelipia kitu ambacho huonji. Ikifunguliwa rudisha kizibo weka friji, siku tatu inakaa vizuri, na cru nyingine siku ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza.

Nikutajie na nyingine kwa haraka kama ukitaka kubadilisha. Picpoul de Pinet inatoka kusini karibu na ziwa la chumvi la Thau, bei ileile, ina tunda zaidi na ni rahisi zaidi kwa mgeni asiyezoea, chupa yake nyembamba ya kijani utaijua. Côtes de Gascogne ya Colombard ni ya bei ya chini kabisa na ina harufu ya balungi, nzuri ya kunywa bila chakula ila angalia lebo kwa sababu nyingine ni tamu. Apremont ya Savoie, milimani, nyepesi sana. Aligoté nayo ni ndugu wa tumbo moja na Melon kama nilivyosema ila imeshaanza kupanda bei watu wameigundua. Gros Plant ni jirani wa Muscadet hapohapo Nantes, ina uchachu wa kukunja uso, hiyo waachie wenyeji na chaza zao.

Ukiamua siku moja kwenda mwenyewe, panda TGV, ile treni ya kasi, mpaka Nantes alafu treni ndogo ya mkoa mpaka Clisson, sio mbali kabisa, mji mzuri una ngome ya zamani na nyumba zimejengwa kwa staili ya Kiitaliano. Ukiwa Nantes kwanza pita pale kando ya mto kwenye kumbukumbu ya kukomeshwa utumwa, ilifunguliwa 2012, maana bandari hiyohiyo iliyouza brandi ndo ilikuwa kubwa kuliko zote Ufaransa kwa biashara ya watumwa, na hilo kwenye vipeperushi vya waini hawaliandiki. Kwa wakulima piga simu kabla, wengi wanakupokea wenyewe wanakuonjesha bure au kwa hela kidogo na bei ya mlangoni ni ndogo kuliko ya Lille. Usiende wiki ya Hellfest tu, hiyo ni Juni, tamasha la muziki wa metali liko Clisson hapohapo, vyumba vyote vimejaa na hata huyo mkulima unayemtafuta inawezekana yuko uwanjani kavaa tisheti nyeusi.